Habari za Maisha ya Bwana Handel na Kinanda cha Gopsall

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kusikia Haleluya ikiimbwa kanisani, lakini si wote wamjuao aliyeitunga. Ndiye George Frideric Handel, aliyezaliwa Halle, nchi ya Ujerumani, mwaka 1685. Baba yake, aliyekuwa tabibu, alitaka mwanawe asome sheria. Bali moyo wa mtoto ulikuwa katika muziki. Mwaka 1702 akawa mpiga kinanda wa kanisa kuu la Halle. Baadaye alisafiri Italia, kisha akakaa London hata kufa kwake.

Mwaka 1741 rafiki yake, Charles Jennens, alimkusanyia maneno ya Biblia yahusuyo Masiya, naye Handel akayatungia muziki kwa siku 24 tu. Ulipoimbwa mara ya kwanza huko Dublin, mwaka 1742, fedha zilizopatikana zilitolewa kuwasaidia wagonjwa na kuwafungua watu waliofungwa kwa sababu ya madeni.

Mwaka 1749 Jennens alitaka kinanda cha mabomba katika nyumba yake ya shamba, Gopsall, akamwomba Handel shauri. Handel angaliweza kumchagulia kinanda cha fahari chenye sauti za kila namna. Hakufanya hivyo. Alimwandikia ayaache mabomba yenye ulimi wa shaba ndani yake, maana sauti yake hupotoka upesi, yakataka kurekebishwa kila mara, na huko shamba kazi hiyo ni taabu. Basi fundi Thomas Parker akakiunda kinanda kidogo.

Miaka michache baadaye macho ya Handel yalipofuka, wala hakuacha kupiga kinanda mbele ya watu. Alikufa tarehe 14 Aprili 1759, akazikwa Westminster Abbey. Jennens naye akafa mwaka 1773, na kinanda kikahamishwa kwenda kwa jamaa zake huko Great Packington. Hata leo kimo katika kanisa la Mtakatifu Yakobo, ambalo lilijengwa miaka 30 baada ya Handel kufa.

Nasi tulio mbali na mafundi tulitazame jambo hili. Mtu huyu, aliyezoea vinanda vya miji mikubwa, alimfikiri yule atakayebaki na kinanda fundi akiisha kwenda zake. Basi tunaponunua kinanda au kengele kwa makanisa yetu, tusiulize kwanza uzuri wake, bali tuulize ni nani atakayekitunza.