Philip Gosse, Aliyeingiza Bahari Sebuleni

Kutoka hapa Kakamega hadi Mombasa ni safari ya zaidi ya kilomita 800, nasi tuko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo wageni wangu waonapo kaa mdogo na kamba wawili wakitembea ndani ya tangi la kioo la lita 60, swali lao la kwanza huwa moja tu: maji ya bahari nayatoa wapi? Siyatoi popote, nayatengeneza. Na mtu aliyewafunza wengi kazi hiyo alikuwa Mwingereza, Philip Henry Gosse, ambaye habari zake naona zafaa wasomaji wazijue.

Gosse alizaliwa Worcester tarehe 6 Aprili 1810, akalelewa Poole, mji wa bandari. Baba yake alikuwa mchoraji wa picha ndogo ndogo za sura za watu, akizunguka mji hadi mji kutafuta wateja, na fedha nyumbani zilikuwa haba. Mwaka 1827 kijana alivuka bahari kwenda Newfoundland kuwa karani, na huko, mwaka 1832, alinunua kitabu kuhusu hadubini. Tangu hapo viumbe vidogo vilimteka moyo. Alijaribu ukulima Kanada, asifanikiwe. Mwaka 1838 akawa mwalimu wa watoto wa wenye mashamba huko Alabama, lakini utumwa alioushuhudia ulimchukiza, akarudi kwao mwaka uliofuata.

Kisha akaenda Jamaica, 1844 hadi 1846, na hapa ndipo mimi ninapompendea. Alisaidiwa na kijana mweusi, Samuel Campbell, na hakimu wa huko aliyekuwa na damu ya Kiafrika, Richard Hill. Kitabu chake cha ndege wa Jamaica kilipotoka mwaka 1847, jina la Hill liliwekwa ukurasa wa mbele pamoja na lake. Si wasomi wengi wa zama zile walioona haja ya kufanya hivyo.

Mwaka 1852 afya ilimlegea, akapelekwa pwani ya Devon kupumzika. Hakupumzika. Kila maji yalipokupwa alikuwa miambani na nyundo na patasi, akichungulia vidimbwi na kutoa viti vya pweza, kaa, na wale wanyama wanaofanana na maua yaliyochanua.

Kusema kweli, yeye hakuwa wa kwanza kufuga viumbe vya bahari katika kioo. Mwanamke wa Kifaransa, Jeanne Villepreux-Power, alifanya hivyo Messina tangu mwaka 1832. Naye Anna Thynne alikuwa na matumbawe hai London tangu 1846. Kila siku mtumishi wake alimimina maji kutoka chombo hadi chombo mbele ya dirisha ili yapate hewa. Leo kazi ya binti yule hufanywa na pampu, na umeme ukikatika ndipo mtu atambuapo thamani yake.

Gosse alichofanya ni kuueleza ufundi huo hata mtu asiye msomi auelewe. Mwani huwapa wanyama hewa, na wanyama huulisha mwani. Ukipata kipimo, maji hayaozi. Bustani ya wanyama ya London ilipofungua nyumba ya samaki mwaka 1853, viumbe vingi vilitoka kwake, na kitabu chake cha 1854 ndicho kilicholipa neno akwariamu maana tuijuayo.

Mwaka huo huo alitengeneza bahari yake mwenyewe kwa chumvi nne: ya mezani, ya haluli, kloridi ya magnesi na kloridi ya potasiamu. Hakutia wanyama mara moja. Alitanguliza mawe yenye mwani, akangoja, ndipo akawatia. Anayeanza leo hununua chumvi iliyokwisha changanywa, akapima kama gramu 35 kwa lita, lakini kungoja ni kule kule. Siku hizi twajua sababu: bakteria wanaoondoa sumu ya uchafu wa samaki huhitaji wiki nne hadi sita kuenea juu ya mawe. Atiaye samaki juma la kwanza awaua. Maji yakipungua kwa mvuke, huongezwa maji matamu, kwa maana chumvi haipai. Na kwetu hapa ambako mvua hainyimi, kuna hadhari moja: maji yaliyopita juu ya mabati hubeba zinki, ambayo ni sumu kwa kamba na matumbawe.

Sasa niseme upande mchungu. Kitabu kilipendwa kupita kiasi. Watu waliteremka pwani na ndoo zao kama walivyoteremkia dhahabu ya Kakamega miaka ya 1930. Mwanawe, Edmund, katika kitabu cha mwaka 1907, alisimulia jinsi vidimbwi vile vya Devon vilivyoharibiwa, na jinsi jambo hilo lilivyomhuzunisha baba aliyeonyesha njia. Pwani yetu ina hifadhi za Malindi na Watamu tangu mwaka 1968, lakini joto la bahari la 1998 liliua matumbawe mengi sana. Ndiyo maana tangi langu lina mawe makavu tu, na tumbawe la mwambani sitalitia.

Mwaka 1857 ulikuwa mzito kwa Gosse. Mkewe Emily alikufa kwa saratani ya titi, na kitabu chake cha kupatanisha Biblia na umri wa miamba kilikataliwa pande zote. Akahamia Devon moja kwa moja, akamaliza mwaka 1860 kazi yake kubwa juu ya anemoni na matumbawe ya Uingereza. Uzeeni aligeukia maua ya okidi, kisha nyota. Ugonjwa wake wa mwisho ulianza usiku mmoja wa baridi, alipokuwa akirekebisha darubini mbele ya dirisha lililo wazi. Alifariki tarehe 23 Agosti 1888, akiwa na umri wa miaka 78.