Bibi Elizabeth Fry na Wadhamini wa Wafungwa

Wazee wetu husema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii twaitumia mara nyingi tunaposhauriana juu ya kazi za shamba au ujenzi wa nyumba. Leo twaitumia kwa kazi ambayo watu wachache huipenda, nayo ni kumwangalia mfungwa angali gerezani na kumpokea siku anapotoka. Tutaeleza habari za maisha ya Bibi Elizabeth Fry wa Uingereza, ambaye jina lake limejulikana duniani kote kwa ajili ya kazi hiyo.

Mtu aweza kuuliza, je, maisha ya bibi wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1845 yawahusu nini watu wa Pemba? Jibu lake liko Banani, si mbali na Chake Chake. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kufuta hali ya utumwa katika Unguja na Pemba. Mtumwa aliyetaka uhuru wake ilimpasa aende mahakamani kuuomba. Lakini amri ile ile ilimtaka, akiisha kuupata, aonyeshe kwamba ana makao maalumu na njia ya kujipatia riziki. Akishindwa aliweza kuhesabiwa kuwa mzururaji. Basi uhuru ulikuja pamoja na tishio. Mwaka huo huo walifika Pemba wamisionari wa Jamii ya Marafiki, ambao wengi huwaita Quakers, wakiongozwa na Theodore Burtt. Wakapata shamba la mikarafuu pale Banani, na watu waliotoka utumwani wakapata humo makao na kazi ya ujira. Marafiki hao walikuwa wa jamii ile ile ya dini aliyokuwamo Bibi Fry. Walikuwa wamekwisha kujifunza, na kwa sehemu walijifunza kwake, kwamba kumfungulia mtu mlango ni nusu ya kazi tu.

Elizabeth alizaliwa mjini Norwich tarehe 21 Mei 1780, katika ukoo wa Gurney, watu wa benki wenye mali nyingi. Watoto wa nyumba hiyo walikuwa 12. Mama yao alifariki Elizabeth alipokuwa na umri wa miaka 12 tu. Katika ujana wake hakuwa mtu wa dini sana, bali alipenda ngoma na mavazi. Siku moja ya Februari mwaka 1798 alikwenda kwenye mkutano wa ibada amevaa viatu vya rangi ya zambarau vyenye kamba nyekundu. Siku hiyo alimsikia mhubiri kutoka Marekani, jina lake William Savery, na moyo wake ukageuka. Tangu hapo akaanza kuzuru maskini na kuwafundisha watoto wao kusoma. Mwaka 1800 aliolewa na Joseph Fry, mfanyabiashara wa London, na Mungu akawajalia watoto 11.

Mwaka 1813 Stephen Grellet, mhubiri aliyezaliwa Ufaransa, alimweleza mambo aliyoyaona katika gereza la Newgate, London. Bibi Fry akaenda mwenyewe, amechukua nguo za kuwavika watoto wachanga, kwani ilikuwa majira ya baridi kali. Walinzi walijaribu kumzuia, wakisema wanawake waliofungwa humo ni wakali mno. Alipoingia aliwakuta karibu 300, pamoja na watoto wao, wamesongamana katika vyumba vichache. Waliokwisha hukumiwa na waliokuwa wakingoja kesi zao walichanganywa pamoja. Humo humo walipika, walifua na kulala sakafuni pasipo matandiko. Fedha walizoziomba kwa wapita njia walizinunulia pombe mle mle gerezani. Inasimuliwa kwamba aliona wanawake wawili wakimvua nguo mtoto aliyekufa ili wamvike aliye hai.

Yafaa tuangalie kwa makini jambo lililofuata. Bibi Fry alirudi nyumbani kwake, na kwa muda wa karibu miaka minne hakuweza kufanya jambo kubwa kwa ajili ya Newgate. Alizaa, aliugua, alifiwa na binti yake mdogo, na biashara ya mumewe iliyumba. Nguo alizozigawa zilichakaa, na gereza likabaki vile vile lilivyokuwa. Twaona basi kwamba huruma ya mtu mmoja, hata ikiwa ya kweli namna gani, yaweza kuzimwa na homa au msiba wa nyumbani.

Aliporudi mwishoni mwa mwaka 1816 alikuja na akili nyingine. Hakuanza na hotuba wala karipio, bali alizungumza na wale wanawake juu ya watoto wao, akiwauliza kama hawaoni kwamba watoto wanaharibika. Mama hata akiwa mwizi hubaki kuwa mama. Wakakubaliana kufungua shule, na mwalimu wa kwanza wakamchagua wao wenyewe miongoni mwao, msichana jina lake Mary Connor, aliyefungwa kwa kosa la kuiba saa. Wakuu wa gereza walisema hakuna nafasi, lakini chumba kidogo kisichotumika kikapatikana.

Ndipo mwezi wa Aprili 1817 kikaundwa chama cha kuwasaidia wanawake wafungwa wa Newgate. Wanachama wake wa kwanza walikuwa 12, yaani mke wa kasisi mmoja na wanawake 11 wa Jamii ya Marafiki. Chama hicho ndicho kiini cha habari yetu. Wanawake hao walipeana zamu ili kila siku awepo mmoja wao gerezani. Waliajiri mwanamke wa kuwasimamia wafungwa, wakajitolea kumlipa mshahara, na baadaye wakuu wa jiji wakashiriki katika gharama hiyo. Walinunua nguo na nyuzi, wakawapa wafungwa kazi ya kushona na kufuma, wakazitafutia soko bidhaa zao. Fedha za kushona zikawa za wafungwa, nao wakafunguliwa duka dogo gerezani wanunue chai na sukari badala ya pombe. Tena kanuni za kazi hazikubandikwa ukutani kama amri. Zilisomwa moja moja mbele ya wafungwa wote, nao wakapiga kura kwa kuinua mikono. Hapana shaka kwa wengi wao ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yao kuulizwa wanakubali au wanakataa.

Baada ya miezi michache watu waliolijua gereza hilo zamani walistaajabu kuliona. Mwaka 1818 Bibi Fry aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kutoa ushahidi juu ya hali ya magereza, jambo lililokuwa geni sana kwa mwanamke wa siku zile. Mwaka 1821 vyama vya namna hiyo katika miji mbalimbali viliungana kuwa chama kimoja cha nchi nzima. Sheria ya magereza ya mwaka 1823 ikaagiza kwamba wafungwa wanawake walindwe na wanawake wenzao.

Lakini si kila alilolijaribu lilifanikiwa. Wakati ule sheria za Uingereza ziliweka adhabu ya kifo kwa makosa zaidi ya 200. Mwaka 1818 mwanamke aitwaye Harriet Skelton alihukumiwa kunyongwa kwa kutumia noti za bandia. Bibi Fry alimwombea msamaha kwa wakubwa wa Serikali, hata akakosana na Waziri wa Mambo ya Ndani, Lord Sidmouth. Skelton alinyongwa. Aidha, sifa za Newgate zilileta madhara yake, kwani wageni wa heshima walianza kumiminika kumtazama Bibi Fry akiwasomea wafungwa Maandiko, kana kwamba wanakwenda kwenye tamasha. Baadaye wakaguzi wa Serikali walililaumu jambo hilo, na lawama yao ilikuwa na haki, kwa sababu mfungwa si kitu cha kutazamwa.

Kazi nyingine ya chama ilikuwa bandarini. Wanawake waliohukumiwa kuhamishiwa Australia walikuwa wakipelekwa melini katika magari ya wazi, wamefungwa minyororo, huku watu wakiwatukana njiani. Bibi Fry aliwashawishi wakuu wa gereza watumie magari yaliyofunikwa, naye akawasindikiza. Kila mwanamke alipewa mfuko wenye sindano, nyuzi na vipande vya vitambaa, ili ashone katika safari ya miezi mingi na awe na kitu cha kuuza atakapofika. Mwaka 1841 wanawake wa meli iitwayo Rajah walishona shuka kubwa ya vipande. Shuka hiyo imehifadhiwa katika jumba la sanaa la taifa la Australia. Chama kilikuwa kimetambua kwamba hatari kubwa kwa mfungwa iko mahali anaposhuka, pasipo jamaa, pasipo kazi wala nyumba.

Kisha likaja jaribu la mwaka 1828. Benki ya mumewe ilifilisika. Marafiki, ambao waliona kufilisika kuwa kosa la uaminifu, walimtoa Joseph Fry katika jumuiya yao. Watu wakanong'ona kwamba fedha za benki ziliishia katika sadaka za mkewe. Familia ikahama nyumba yao kubwa ya Plashet na kukaa katika nyumba ndogo, ikisaidiwa na ndugu zake Elizabeth. Kama kazi ya Newgate ingalitegemea mfuko wake peke yake, ingalikufa siku ile. Haikufa. Wanawake wa chama waliendelea na zamu zao, michango ikaendelea kukusanywa, naye mwenyewe, baada ya kitambo cha aibu na huzuni, akarudi kazini. Hiyo ndiyo faida ya kuwa na watu wengi wenye daftari moja.

Bibi Fry alifariki Ramsgate tarehe 12 Oktoba 1845, akazikwa Barking. Watu wa London walipotaka kumkumbuka, hawakuridhika na sanamu ya mawe, bali walichanga fedha za nyumba ya kuwapokea wanawake waliotoka gerezani. Nyumba hiyo ilifunguliwa Hackney mwaka 1849, ikaendeshwa kwa michango na kwa mapato ya kufua na kushona. Katika miaka ya 1920 iliungana na nyumba nyingine ya namna hiyo, ikawa makao ya wasichana waliowekwa na mahakama chini ya uangalizi badala ya kifungo, adhabu ambayo jirani zetu wa Kenya huiita probesheni. Baadaye ikahamia mji wa Reading. Basi, wadhamini waliomfuata wadhamini wengine, kizazi baada ya kizazi, waliichukua kazi ambayo mwanzilishi wake hakuiona hata siku moja.

Lugha yetu ina neno zuri sana kwa ajili ya watu hao. Mdhamini ni mtu anayesimama kwa ajili ya mwenzake na kukubali kuulizwa habari zake. Wadhamini wa chama cha kuwasaidia wafungwa wanasimama kwa namna mbili. Wanasimama kwa ajili ya fedha za watu, wazitolee hesabu ya wazi, kwa kuwa minong'ono ya mwaka 1828 yaweza kurudi mahali popote pasipo na daftari safi. Tena wanasimama kwa ajili ya mfungwa mbele ya kijiji chake, ambacho mara nyingi kimekwisha kumhukumu mara ya pili. Kazi hiyo haina shangwe. Ni vikao, zamu, barua, na hesabu za nauli ya mtu mmoja arudiye kwao.

Zanzibar imechagua kuyaita magereza yake Vyuo vya Mafunzo. Jina hilo ni ahadi njema. Lakini anayehitimu chuo hutarajiwa kupokewa mahali fulani na kupewa kazi inayolingana na mafunzo yake. Kijana aliyejifunza useremala au kilimo chuoni, naye akarudi Wete au Mkoani akakuta kila mlango umefungwa, ahadi ile itakuwa imetimizwa na Serikali na kuvunjwa na sisi. Mwaka 1897 mtumwa aliyepewa uhuru hapa Pemba aliambiwa aonyeshe makao na riziki, na heri yao waliopata wa kuwapokea. Mfungwa aliyemaliza kifungo chake huulizwa swali lile lile, ingawa haliandikwi katika amri yoyote. Hawezi kulijibu peke yake. Watu 12 walitosha kuanza kulijibu Newgate, na sioni kijiji cha Pemba kisichoweza kupata 12.