Katharine Blodgett: Mwanamke aliyekifanya kioo kiache kung'aa

Ukisubiri boti ya Mafia pale Nyamisati, wilayani Kibiti, angalia maji. Tone la mafuta ya injini likidondoka, linatanda haraka na kutoa rangi za upinde wa mvua. Utando mwembamba wa aina hiyo ndio uliompa jina mwanasayansi Katharine Blodgett.

Alizaliwa Januari 10, 1898, mjini Schenectady, Marekani. Baba yake hakumwona kabisa. Alikuwa mwanasheria wa kampuni ya General Electric, na mwizi aliyeingia nyumbani alimpiga risasi akafa wiki chache kabla binti hajazaliwa.

Akiwa na miaka 20, binti huyo akaajiriwa na kampuni hiyohiyo, mwanasayansi wa kwanza mwanamke kwenye maabara yake. Mwaka 1926 akawa mwanamke wa kwanza kupata udaktari wa fizikia Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza.

Bosi wake, Irving Langmuir, alitwaa Nobel ya kemia mwaka 1932. Yeye alichunguza jinsi mafuta yanavyotanda juu ya maji kwa unene wa molekuli moja tu. Kazi ikabaki: utando huo utautoaje majini bila kuuvuruga?

Blodgett akapata njia. Alichovya kioo na kukitoa taratibu, tabaka moja likanata. Akarudia tena na tena, huku rangi zikimwonyesha unene umefikia wapi.

Desemba 1938 dunia ikasikia matokeo: kioo chenye matabaka 44, yote pamoja yana unene wa kama nanomita 100 tu. Mwanga uliorudi kutoka juu ya utando ulifutana na ule uliorudi kutoka kwenye kioo chenyewe. Kioo kikaacha kung'aa, kikawa kama hakipo.

Shida ni kwamba utando ule ulikuwa laini, ukiupangusa unatoka. Wengine ndio waliokuja kutengeneza tando ngumu, kama zile zilizopakwa kwenye lenzi ya kamera ya simu yako.

Hata hivyo, njia yake haikufa. Watafiti waliofuata waliitumia kupanga molekuli zinazobadilika umbo zikipigwa na mwanga.

Blodgett alistaafu mwaka 1963 na kufariki Oktoba 12, 1979, mjini alikozaliwa. Tando hizo mpaka leo zinaitwa Langmuir-Blodgett, jina la bosi na la msaidizi wake pamoja.