Askofu Mkuu Janani Luwum, Aliyehukumiwa bila Hakimu

Marehemu Janani Luwum alizaliwa mwaka 1922 huko Mucwini, kaskazini ya Uganda, katika kabila la Waacholi. Alichunga mifugo, akasoma, akawa mwalimu. Tarehe 6 Januari 1948 aliokoka kijijini kwao, na mwaka uliofuata akaingia chuo cha Kanisa cha Buwalasi. Mwaka 1969 aliwekwa kuwa Askofu wa Kaskazini ya Uganda, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire.

Siku hizo watu walichukuliwa na askari wa Idi Amin wasionekane tena. Askofu Mkuu alikwenda mwenyewe kwa wakubwa wa usalama kuwauliza wako wapi. Mapema Februari 1977 askari waliingia nyumbani kwake Namirembe usiku kutafuta silaha, wasipate kitu. Maaskofu wakamwandikia Rais barua ya kulalamika.

Tarehe 16 Februari waliitwa Kampala, kwenye hoteli ya Nile. Hapo silaha zilikuwa zimepangwa uwanjani, na hati zikasomwa za kudai kwamba Luwum alikula njama na Dk. Milton Obote, ambaye wakati huo alikuwa mkimbizi papa hapa Dar es Salaam. Hakimu hakuwapo, wala wakili, wala shahidi wa kuulizwa. Walioulizwa hukumu ni askari waliojaa uwanjani, nao wakapiga kelele auawe. Ndugu zangu, hata wazee wa kijiji chini ya mwembe humpa mshtakiwa nafasi ya kujibu! Yeye alitikisa kichwa tu kukana.

Maaskofu wenzake wakaambiwa waende, yeye akazuiwa. Kesho yake redio ikatangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Oryema na Oboth-Ofumbi. Jeneza likapelekwa Mucwini chini ya ulinzi. Watu wa kwao walipolifungua waliona matundu ya risasi.

Namirembe kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa, kando ya Askofu Hannington aliyeuawa mwaka 1885. Likabaki tupu. Hata hivyo Jumapili ile Wakristo walijaa Kanisani, ingawa ibada ya kumkumbuka ilikuwa imekatazwa.

Amin alifukuzwa mwaka 1979, akafa Saudi Arabia mwaka 2003 bila kusimama mbele ya mahakama yoyote. Tangu mwaka 2015 tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa Uganda, na mahujaji huenda Mucwini, kaburini kwake.