Padri Cecil Majaliwa, Mzee Wetu wa Chitangali



Mwaka huu tunamkumbuka Padri Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika misheni ya UMCA.

Alikuwa Myao. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa utumwani, akafika Zanzibar na kulelewa na wamisheni. Kwetu mtu huulizwa kwanza ukoo wa mama yake. Mtoto aliyetekwa hana wa kumjibia swali hilo.

Alisomea Zanzibar, kisha Canterbury, Uingereza. Aliporudi alifundisha Mbweni, akamwoa Lucy Magombeani. Mwaka 1886 walihamia huku kusini, Chitangali, kwa chifu wa Wayao, Nakaam. Nyakati zilikuwa ngumu. Masasi, iliyoanzishwa na Askofu Steere mwaka 1876 pamoja na watumwa waliokombolewa, ilikuwa imevamiwa na Wamagwangwara mwaka 1882, na watu walikuwa hawajasahau.

Pale Chitangali Majaliwa aliendesha kituo bila Mzungu wa kukaa naye. Nakaam mwenyewe alibatizwa. Mwaka 1890 Askofu Smythies alimpa upadri. Aliendelea na kazi kwa miaka kadhaa, ndipo akarudi Zanzibar.

Katika uzao wake ametoka Askofu Mkuu John Ramadhani, aliyeliongoza Kanisa Anglikana Tanzania. Mtoto aliyenyang'anywa ukoo alikuja kuwa shina la ukoo unaojulikana nchi nzima.

Tunalieleza hili kwa sababu tunajua hali ilivyo katika nyumba zetu. Habari za Majaliwa zimebaki kwa sababu wamisheni waliandika. Wazee wetu wengi, waliokombolewa utumwani, waliokimbia vita vya Majimaji, waliobeba mizigo ya Wajerumani na Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, hawakuandikwa na mtu. Wamebaki vichwani mwa bibi na babu zetu wachache, nao kila mwaka wanapungua.

Basi tunaomba mambo mawili. La kwanza ni mchango wako kwa ajili ya shule zetu, kwa kuwa elimu ndiyo iliyomfungulia Majaliwa njia. La pili halina gharama: ukienda nyumbani, chukua daftari, kaa na mzee wako, andika majina ya vizazi vitatu, upande wa mama na wa baba, na kijiji walikotoka. Deni lisiloandikwa husahaulika, na hili ni deni letu.