Mbaraka Mwinshehe: mpigaji wa solo na magitaa ya klabu

Ukimtembelea mpigaji gitaa mwenye jina huko Ulaya au Marekani, huenda akakufungulia chumba kizima cha magitaa ya umeme. Hili alilinunua kwa malipo ya kwanza, lile ni la kurekodia, na lile pale halishikwi na mtu mwingine. Ni mkusanyiko wa miaka mingi, kila gitaa na historia yake, na yote ni mali yake.

Wapigaji waliotuchezesha Watanzania miaka ya 1960 na 1970 kwa kawaida hawakuwa na chumba cha namna hiyo. Wengi wao hawakuwa na hata gitaa moja la umeme la kwao. Magitaa yalikuwa ya klabu, ya chama, ya kiwanda, ya jeshi au ya mfanyabiashara. Mpigaji alilishika akiwa jukwaani, alilifanya lilie na kucheka, na dansi ilipokwisha alilirudisha kwenye boksi.

Kwa mchimbaji wa Nyarugusu au Katoro jambo hili halihitaji maelezo marefu. Mtu anashuka kwenye duara la mwenzake, anapasua mwamba kwa zana za mwenye duara, kisha wanagawana viroba. Ujuzi ni wake, zana si zake. Maisha ya Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, aliyefariki mwaka 1979, yanaeleweka vizuri zaidi ukiyatazama kwa jicho hilo.

Kijana wa Mzenga

Mbaraka alizaliwa tarehe 27 Juni 1944 huko Mzenga, Kisarawe. Mwaka huohuo, mjini Morogoro, ndipo ilipoanzishwa Morogoro Jazz Band, bendi ambayo baadaye ingemtoa kwa taifa zima. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, lakini wapenzi wa zilipendwa hupenda kulitaja.

Morogoro wakati ule ulikuwa mji wa mashamba ya mkonge, reli na dansi. Bendi mbili zilishindana humo kama timu za mpira. Upande mmoja Morogoro Jazz, upande wa pili Cuban Marimba ya Salum Abdallah, mwimbaji aliyependa muziki wa Kuba kupita kiasi. Inasimuliwa kwamba Salum, alipotaka vyombo vya bendi yake na fedha hana, aliweka rehani nyumba ya baba yake bila mzee kujua. Iwe ilikuwa hivyo hasa au wasimulizi wameongeza chumvi, masimulizi hayo yanakupa bei ya vyombo: thamani ya nyumba. Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965.

Ni katika miaka hiyo Mbaraka aliacha masomo ya sekondari na kujiunga na Morogoro Jazz. Wazazi wengi wa wakati ule wangelia. Nchi ilikuwa imepata uhuru juzijuzi tu, aliyefika sekondari alikuwa anahesabika, na kazi ya ofisini ilikuwa inamsubiri. Yeye alichagua gitaa, tena gitaa la klabu.

Umeme ndani ya nyuzi

Hapa ni vizuri kueleza kidogo, maana vijana wetu wengi wanaotengeneza gitaa la galoni na kulifunga waya wa breki za baiskeli huuliza tofauti iko wapi. Gitaa la kawaida la mbao husikika kwa sababu ya tumbo lake lililo wazi; sauti ya nyuzi huingia humo ikakua. Gitaa la umeme halitegemei tumbo. Chini ya nyuzi zake za chuma kuna sumaku ndogo zilizozungushiwa waya mwembamba sana, mizunguko maelfu. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo mno huzaliwa ndani ya ule waya. Umeme huo hupita kwenye kebo hadi kwenye amplifaya, ambayo huukuza, kisha spika huugeuza kuwa sauti inayojaza ukumbi.

Kwa maneno mengine, gitaa la umeme peke yake halifiki mbali. Lichomoe kwenye amplifaya, na hata aliyekaa meza ya pili atalisikia kwa shida. Na bendi ya dansi haipigi gitaa moja. Kuna la solo, linalotembea juu na kuzungumza. Kuna la kati, linalojibizana na solo. Kuna la rithimu, linaloshika mwendo, na besi inayopiga chini kama moyo. Ongeza ngoma, tarumbeta au saksafoni, maikrofoni, na kule kusikofika umeme, jenereta na gari la kubebea vyote hivyo. Mpigaji aliyekasirika hakuweza tu kutupia gitaa begani akaondoka kuanzisha bendi yake. Mwenye vyombo alilijua hilo vizuri.

Kwa hiyo vyombo ndivyo vilivyoamua mwanamuziki awe chini ya nani. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na wapigaji wake walilipwa mshahara kama watumishi wengine. Vijana Jazz ilikuwa chini ya umoja wa vijana wa TANU. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo cha Urafiki. Polisi na jeshi walikuwa na bendi zao. Morogoro Jazz, kama Dar es Salaam Jazz na Western Jazz, ilitoka katika mtindo wa zamani zaidi, ule wa klabu yenye wanachama. Kila utaratibu ulikuwa na uzuri wake. Mshahara wa kila mwezi si jambo dogo kwa mwanamuziki, na huenda bila mashirika hayo bendi nyingi zisingekuwepo kabisa.

Lakini mwenye vyombo aliweza pia kuvunja bendi ya mwingine. Mfano unaokumbukwa sana ni wa mwaka 1985, miaka sita baada ya kifo cha Mbaraka. Mfanyabiashara Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, alinunua vyombo vipya na kuwavuta wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park, Muhiddin Maalim akiwamo. Aliyekuwa na vyombo bora alikuwa na haki ya kuchagua wapigaji.

Solo inayozungumza

Ndani ya Morogoro Jazz, Mbaraka alipanda haraka. Alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpigaji wa solo kwa wakati mmoja, jambo ambalo si wengi waliliweza. Sikiliza nyimbo zake zozote na utaona jinsi kazi hizo tatu zinavyoshikana. Anaimba mstari, ananyamaza, na gitaa linauliza swali au linatoa jibu, kama shemeji anayechangia maneno pembeni. Kisha unakuja ule mwendo wa pili wa wimbo, ambao wanamuziki wanauita chemko. Hapo anashika kipande kifupi cha solo, anakirudia, anakigeuza kidogo, anakirudia tena, mpaka aliyekaa anajikuta amesimama. Hakuwa mpigaji wa kuonyesha kasi ya vidole. Aliacha nafasi kati ya noti, na kwa maoni yangu siri yake iko hapo. Wapenzi walimpa jina la Soloist National, mpigaji solo wa taifa.

Nyimbo zake zilitazama maisha ya watu: mapenzi yaliyoharibika, talaka, dhiki, majirani. Zilitazama na siasa pia, kama ilivyotarajiwa kwa bendi za wakati wa Ujamaa. Dk. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa siku ya Krismasi 1971, Mbaraka alimtungia wimbo wa maombolezo.

Huku kwetu, wakati Geita ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza, sauti hiyo ilifika kwa njia ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Mkulima wa pamba aliyepata fedha za msimu alinunua redio ya betri, na pale nje ya nyumba yake ndipo kijiji kilipokusanyika. Umeme haukuwepo kijijini, lakini gitaa la umeme lilisikika.

Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilipelekwa Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 70. Wapigaji kutoka mji wa mkonge walisimama mbele ya watu wa mataifa kwa jina la nchi yao. Mwaka huo Mbaraka alitimiza miaka 26.

Kuondoka

Mwaka 1973 aliiacha Morogoro Jazz na kuanzisha Super Volcano. Tukio hili husimuliwa mara nyingi kama ugomvi wa bendi tu, habari za nani alimkosea nani. Uzito wake ni mkubwa kuliko hivyo. Mtu aliyekuwa amefika kilele, mwenye jina kuliko bendi yenyewe, aliamua kuacha jukwaa ambalo vyombo vyake vilikuwa tayari na kuanza bendi nyingine kuanzia mwanzo. Wakati ule kuhama ndiko kulikokuwa silaha ya mwanamuziki. Hakuwa na gitaa la kuuza, alikuwa na vidole na sauti, na hivyo aliweza kuvipeleka atakako.

Super Volcano ilimpa nafasi ya kuongoza kwa jina lake. Ilimpa pia mzigo: kulisha wapigaji, kutafuta kumbi, kutunza vyombo. Na vyombo katika miaka ya 1970 vilikuwa vigumu kupatikana, kwa kuwa fedha za kigeni zilikuwa chache na magitaa yote ya umeme yalitoka nje. Nyuzi zikikatika, dukani hazipo. Amplifaya ikiungua, fundi anatafuta kipuri kwenye mabaki ya redio.

Santuri nazo zilikuwa safari nyingine. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzichapa. Redio ya taifa ilirekodi bendi na kuzirusha hewani, na hilo lilimpa mtu jina, lakini aliyetaka santuri yake iuzwe dukani alitazama Nairobi. Kazi za Mbaraka zilitolewa huko kwa nembo ya Polydor, zikapendwa Kenya kama zilivyopendwa kwao. Shida, wimbo wake kuhusu dhiki za maisha, bado unajulikana pande zote mbili za mpaka.

Mpaka huo wenyewe ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na haukufunguliwa hadi 1983. Kwa mwanamuziki mwenye wasikilizaji huku na santuri kule, hilo lilikuwa pigo. Hata hivyo Mbaraka alifika Kenya, na ni huko, Mombasa, gari alilokuwamo lilipopata ajali eneo la Kisauni, Januari 1979. Alikuwa na miaka 34. Morogoro ikawa imepoteza waimbaji wake wawili wakubwa kwa njia moja, barabarani.

Kilichobaki

Super Volcano haikurudia kimo chake bila yeye. Kampuni ya santuri ilizikusanya nyimbo zake na kuzitoa tena katika mfululizo wa Ukumbusho, na watu waliendelea kununua. Baadaye zikaja kaseti, halali na za kunakiliwa, na sasa nyimbo zilezile zinapita kwenye simu zetu kwa kugusa kidole.

Hapa swali la mali linageuka. Gitaa ni la aliyelinunua, awe klabu au tajiri. Wimbo ni wa aliyeutunga, hata kama aliutungia kwenye gitaa la mtu mwingine. Tanzania ilikuwa na sheria ya hakimiliki tangu 1966, ila mwanamuziki wa dansi aliyejua namna ya kuitumia alikuwa adimu. Wengi walipokea malipo ya mara moja, wakaweka sahihi, wakaenda zao. Sheria ya mwaka 1999 ndiyo iliyoleta COSOTA, chombo ambacho msanii anaweza kusajili kwake kazi zake. Kijana wa Katoro au Kahama anayerekodi leo studio kwa mashine ya mwenye studio yuko mahali alipokuwa Mbaraka, ila yeye anaweza kuusajili wimbo wake kabla haujatoka.

Sheria hiyo humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, nyimbo alizotunga Mbaraka peke yake zina ulinzi hadi mwisho wa mwaka 2029. Kuanzia Januari 2030 yeyote ataweza kuzipiga bila kumwomba mtu ruhusa, kwa gitaa la kuazima au la kwake.