Kapteni Mbaye Diagne, Baba Aliyewakumbuka Watoto wa Wengine

Mara nyingi tumesikia ikisemwa ya kuwa mtu mwenye mke na watoto hapaswi kujitia hatarini kwa ajili ya watu asiowajua. Neno hili si la kudharauliwa, maana baba akifa, mkewe na wanawe ndio watakaobeba mzigo wa kifo chake siku zote. Lakini yuko askari mmoja wa Afrika ambaye maisha yake yatulazimisha kulipima neno hilo tena. Jina lake ni Kapteni Mbaye Diagne.

Alizaliwa mwaka 1958 nchini Senegal, mmoja katika watoto tisa, akakulia Pikine, karibu na mji wa Dakar, mahali wakaapo watu wasio matajiri. Alisoma hata Chuo Kikuu cha Dakar, kisha akachagua kazi ya uaskari, akafunzwa katika chuo cha maofisa cha Thiès. Baadaye alitumikia Casamance, kusini mwa nchi yake, palipokuwa na vita. Alikuwa Mwislamu mshika dini. Alioa, akajaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume.

Tarehe 4 Agosti 1993, serikali ya Rwanda na wapinzani wake walitia sahihi mapatano ya amani mjini Arusha. Ikahitajika watu wa kuangalia kama mapatano yale yanatimizwa, na mwaka huo huo Kapteni Diagne akatumwa Kigali. Huko akawa mmoja wa waangalizi wa kijeshi chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Mwangalizi hakuchukua silaha. Kazi yake ilikuwa kutazama, kuandika, na kutoa habari kwa wakubwa wake.

Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994, ndege iliyowachukua marais wa Rwanda na Burundi, waliokuwa wakirudi kutoka Dar es Salaam, ilitunguliwa Kigali. Usiku ule ule mauaji yakaanza. Kwa muda wa siku 100 hivi wakauawa watu wapatao 800,000 au zaidi, walio wengi wao Watutsi, na pamoja nao Wahutu waliokataa uovu ule. Yatupasa kukiri, wala tusikwepe, ya kuwa katika nchi yenye Wakristo wengi kiasi kile, watu waliuawa hata ndani ya makanisa walimokimbilia.

Asubuhi ya tarehe 7 Aprili, Waziri Mkuu, Bibi Agathe Uwilingiyimana, aliuawa pamoja na mumewe, na askari 10 wa Ubelgiji waliotumwa kumlinda wakauawa pia. Watoto wa mama huyo walikuwa wamejificha karibu na hapo. Kapteni Diagne alipopata habari zao, hakungoja amri. Alikwenda bila silaha, akawatia garini mwake, akawaficha, akawafikisha katika Hoteli ya Mille Collines alikokuwa akikaa. Baadaye watoto wale wakaondolewa nchini salama. Bila shaka hata mzazi asiyejua lolote juu ya uaskari aweza kulielewa tendo lile. Aliwaona watoto wasio na baba wala mama, naye mwenyewe alikuwa baba.

Tangu siku ile hakukoma. Amri ya Umoja wa Mataifa haikuwaruhusu watu wake kuingilia kati, tena tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama liliamua ya kuwa jeshi lile, lililokuwa na askari wapatao 2,500, lipunguzwe hata wabaki 270 hivi. Wakati wakubwa wa dunia walipokuwa wakihesabu watu wa kuwaondoa, Kapteni Diagne alizunguka mjini na gari lake akitafuta watu wa kuwaokoa. Aliwachukua watatu, wanne au watano kwa safari moja, akapita nao kwenye vizuizi vya barabarani vilivyolindwa na wanamgambo wenye mapanga na bunduki. Silaha yake ilikuwa tabasamu na maneno ya mzaha, na sigara alizowagawia watu wale hata hasira yao ikatulia na njia ikafunguliwa. Siku moja, karibu na kanisa la Sainte Famille, mtu mwenye bunduki alitaka kumwua mwanamke mmoja. Kapteni akajitia kati yao, akasema na mtu yule hata akamwacha, na mwanamke yule akapona. Jenerali Roméo Dallaire, mkuu wa jeshi lile, alijua ayatendayo, wala hakumzuia. Waliookolewa kwa mkono wake huhesabiwa kwa mamia.

Tarehe 31 Mei 1994 alikuwa akirudi makao makuu peke yake, akichukua ujumbe wa mkuu wa jeshi la serikali kwa Jenerali Dallaire. Alipofika kwenye kizuizi kimoja, kombora likaanguka karibu na gari lake, kipande cha chuma kikampiga, akafa papo hapo. Umri wake ulikuwa miaka 36. Zilikuwa zimebaki siku chache tu arudi kwao. Katika mji ule uliojaa maiti haukupatikana hata mfuko wa kumsitiri, ikawa wenzake kumtengenezea mmoja kwa turubai. Ndivyo alivyorudishwa Senegal kwa mkewe na watoto wake wadogo.

Heshima zilikuja kwa kuchelewa. Mwaka 2010 Rwanda ilimpa mjane wake nishani kwa ajili ya mumewe. Mwaka 2014, miaka 20 baada ya kifo chake, Baraza la Usalama lilianzisha nishani ya ushujaa wa pekee yenye jina lake, na mwaka 2016 jamaa yake wakawa wa kwanza kuipokea.

Je, baba huyu aliisahau nyumba yake? Tusijibu kwa haraka. Nishani haimrudishi baba mezani, wala haimfundishi mtoto kusoma. Mkewe na watoto wake wamelipa gharama ambayo hakuna aliyewauliza kama waiweza. Hata hivyo twaona ya kuwa kupenda watoto wake hakukumfanya afumbe macho mbele ya watoto wa wengine. Alikwisha kujua nyumbani mwake jinsi mtoto mmoja alivyo na thamani, na ujuzi huo hakuuacha mpakani alipoingia nchi ya kigeni.

Nasi wazazi twawapenda watoto wetu, na ni haki. Lakini upendo ukiishia mlangoni petu, unaweza kugeuka kuwa ukuta, na nyuma ya kuta za namna hiyo ndiko majirani wa Rwanda walikochinjwa huku wengine wakisikiliza. Kapteni Diagne hakumwuliza mtu kabila lake wala dini yake kabla ya kumfungulia mlango wa gari. Jioni moja, watoto watakapokuwa wameketi pamoja nasi, tuwasimulie habari za Mwislamu huyu wa Senegal. Wakituuliza kama sisi tungalifanya vivyo hivyo, tuwe na ujasiri wa kulifikiri swali hilo mbele yao.